Tata Bip Aliomba Ruhusa

Kila asubuhi, kwenye geti la kampuni ninakopika, mlinzi hunipitishia kile kidude chake cheusi mwilini, kuanzia mabegani mpaka kwenye ndara, na kikifika kiunoni kinalia kwa sababu ya funguo zangu. Wenzangu hucheka, wanasema nimemeza sufuria. Nami hucheka nao, kisha naingia jikoni na kukaa kwanza juu ya mfuko wa vitunguu mpaka moyo utulie. Sijawahi kuwaambia sababu. Wao ni vijana, na mambo haya nawaambia nyinyi wa rika langu, mliokulia Kolwezi wakati watu wanachimba hata chini ya kitanda. Nanyi mlikula chakula cha mchana huku mkisikia watu wakigonga jiwe chini ya meza. Msijifanye mmesahau.

Tata yangu, baba yangu, alikuwa na mashine ya kusikia chuma. Ilikuwa fimbo ndefu, chini yake sahani ya duara iliyolingana na mfuniko wa sufuria ya bukari, ugali wetu, juu yake kisanduku cha betri kilichofungwa na mpira wa baiskeli. Aliipata kwa mtu mmoja wa Zambia aliyekwama huku bila nauli. Tata akampa baiskeli yake, naye akampa ile mashine, na kila mmoja akaondoka akijiona mjanja. Kampuni ya zamani, ile ya wakati wa babu zetu, ilikuwa imezika chini ya mji huu vipande vya reli, mabomba na nyaya nene za shaba, halafu watu wakajenga nyumba juu yake. Tata alivitafuta, akavichimbua, akaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mji mzima ukamwita Tata Bip, na mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Bibiche kwa jina langu mimi, hakulipenda jina hilo hata siku moja.

Lakini hakuna siku Tata alipitisha sahani yake juu ya udongo wa mtu bila ruhusa. Mashine angeweza kuibeba yeyote. Kazi yake hasa ilikuwa kuomba. Alisimama nje ya lupango, yaani kiwanja cha mtu na nyumba yake na ukuta wake, akavua kofia, akapiga hodi, akangoja. Akikaribishwa alichuchumaa na kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, vile wazee wetu wanavyomsalimu mkubwa. Kisha akajieleza: jina lake, jina la baba yake, kijiji walikotoka, mahali anapokaa sasa. Ndipo akasema anatafuta nini. Tukipata chuma tunagawana na mwenye lupango. Tukipata kitu cha familia, pete au msalaba, si chetu. Shimo tunalifukia na kulikanyaga mpaka pasijulikane. Na mwisho, kabla ya kuwasha mashine, alimwendea mama wa nyumba kando na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kuna fasi ambayo haifai apite. Mama mwingine alinyoosha kidole kwenye mgomba, mwingine kwenye kona ya jiko, asiseme neno. Tata hakuuliza sababu, alizunguka mbali.

Tukimkuta mpangaji peke yake, hata akitusihi tuingie, Tata alikataa. Alikuwa na maneno yake kwa jambo hilo, na mpaka leo nayarudia nikiwa na hasira na mwenye nyumba wangu: "Mupangaji anapanga nyumba, hapangi bulongo." Bulongo kwetu ni udongo. Basi tulirudi siku nyingine, na nyingine tena, mpaka mwenyewe apatikane. Kulikuwa na ndugu wawili wenye lupango moja, mkubwa akikubali asubuhi mdogo anakataa mchana, na Tata aliwasikiliza wote wawili mpaka wakapatana wao kwa wao, halafu wakatufukuza sisi. Kulikuwa na mama mzee aliyekubali kwa sharti moja tu, tumtafutie kwanza ufunguo wa sanduku lake. Tuliutafuta Jumamosi nzima, na ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kitenge alichokivaa. Tata hakukasirika. Alisema mtu akikufungulia lupango lake amekufungulia tumbo lake, na hapo huingii na viatu.

Mimi alinichukua siku zisizo za shule. Aliniambia waziwazi kwa nini: mwanaume akija peke yake na chuma mkononi, watu wanaita mbwa, lakini akimshika mkono mtoto wa kike, wanaleta kiti. Nilikuwa bado sijang'oa meno ya mbele. Nilipenda kiti, nilipenda munkoyo baridi tuliopewa kwenye kikombe cha bati, na nilipenda kumsikia Tata akitaja jina la babu yangu mbele ya watu wasiomjua.

Ila mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kwenda, na sikuisema kwa mtu.

Kabla ya kupata nyumba yetu karibu na reli, tulikuwa tumepanga upande wa pili wa mji, kwenye lupango lenye mipapai nyuma. Huko Mama alizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mnajua kwetu mtoto kama huyo hapelekwi makaburini kwa jeneza na nyimbo. Ni kazi ya wanawake. Wanamzika karibu na nyumba, mahali wanapopajua wao, ili njia ya kurudi tumboni kwa mama yake isimpotee. Mwanaume hasogei wala haonyeshwi, na mama mwenyewe yuko kitandani hajiwezi. Aliyemzika ni Kambo Ngoie, mama mzaa mama, pamoja na jirani mmoja. Kabla ya kumfunga kwenye kitenge, Kambo alivua bangili ya shaba mkononi kwa Mama na kumvisha mtoto, asiende mikono mitupu. Mimi niliambiwa kwamba mdogo wangu yuko chini, amelala. Nilipouliza ataamka lini, Kambo alinituma maji.

Sasa fikirini, mtoto wa umri ule, anaambiwa mdogo wake yuko chini, na wakati huohuo anasikia watu chini. Maana wachimbaji walikuwa wakiingilia shimo la jirani na kutokea kwa jirani wa tatu. Niliweka sikio kwenye sakafu nikasikia vicheko, nikasikia mtu akiimba, nikasikia mtu akiomba sigara. Kwangu jambo lilikuwa wazi kabisa. Chini kulikuwa na mji mwingine, wenye njia zake, na mdogo wangu aliamka akakuta giza, akaanza kutambaa kutoka lupango mpaka lupango akitafuta pa kutokea. Na Tata alipoleta mashine nyumbani, muda mfupi baada ya sisi kuhama, sikuhitaji kuelezwa. Anamtafuta. Ndiyo maana anabisha kila nyumba. Ndiyo maana anaomba kwa upole namna ile, mtu haombi hivyo kwa ajili ya kipande cha bomba. Mashine ikilia nilipiga magoti nikanong'ona udongoni: uko hapo? Toka, Mama anakungoja. Kisha Tata alichimba, ikatoka bawaba ya mlango, nami nikajiambia kwamba mdogo wangu ameshapita.

Namhurumia sana mtoto yule niliyekuwa. Alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika halii.

Mama yeye hakuuliza hata siku moja mashine imelia wapi. Tulirudi, akatuwekea maji ya kunawa, akatupa chakula. Tangu mtoto yule hakupata mwingine, na mkono wake wa kushoto ulibaki na alama nyeupe mahali bangili ilipokuwa, alama iliyochukua muda mrefu kufutika. Nilikuwa nikiishika kwa kidole akisinzia.

Habari ililetwa na mwanamke aliyetuuzia makala, yaani makaa ya kupikia, mtu wa Mutshatsha, aliyejua nyumba zote za mji kwa sababu alizipelekea moto. Ilikuwa jioni, Mama yuko na mwiko anasonga bukari. Yule mwanamke akasema, katika maneno mengine ya kawaida, kwamba mzee mwenye lupango lile la mipapai amekufa, watoto wake wamekwisha kuliuza, na aliyenunua ni Bwana Saidi wa malori. Wapangaji wameambiwa watoke. Mvua zikikatika, wachimbaji wanaingia. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Bukari ikaanza kuungua na hakuna aliyeiondoa motoni.

Tata alipoingia, Mama hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Mutoto wangu batamutia mu mufuko pamoja na madini," alisema, "bamupakize mu kamyo, bamupeleke kwa watu." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema: mtoto ana ile bangili mkononi, na mashine itaisikia. Hakukuwa na njia nyingine ya kupajua mahali. Kambo Ngoie alikuwa amefia Kasaji, na jirani aliyeshika jembe siku ile alimfuata mumewe Dilolo na simu yake haikupatikana tena. Mama alimwomba Tata amtoe mtoto kabla ya wachimbaji, ili alazwe pengine, mahali ambapo hakuna atakayemgusa. Alikuwa ameshika ukosi wa shati lake kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama mlangoni na moyo wangu ulijaa furaha. Mniwie radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa, furaha. Niliona sasa wamekubaliana, na mdogo wangu anarudi.

Kesho yake tulikwenda kwa Bwana Saidi. Alikuwa mtu wa Kasongo kwa asili, mrefu, mwenye kofia nyeupe safi, na lupango lake lilinuka mafuta ya gari na chai ya tangawizi. Watu walimwogopa kidogo kwa sababu ya malori, lakini mtu mbaya hakuwa, na nasema hivyo makusudi. Tata alichuchumaa nje ya geti, akapiga makofi, akaeleza jina lake na la baba yake na kijiji. Bwana Saidi akamwinua, akatuketisha kwenye mkeka, mimi nikapewa andazi la moto. Akasema amekwisha kumsikia Tata Bip, mtu wa ruhusa, na kwamba angekuwa na madereva watatu wa namna hiyo angelala usingizi. Kisha akauliza anatafuta nini kwenye lupango lile jipya.

Nilimtazama Tata. Alikuwa anafuta jasho kwenye paji la uso, na jua lilikuwa bado changa. Leo najua alichokuwa anakifikiri. Neno moja tu, chuma, lingetosha. Tungeingia siku ileile, tungechimba kimyakimya nyuma ya mipapai, na Bwana Saidi asingejua milele. Lakini Tata hakuwahi kumficha mwenye lupango anachokitafuta, hata kilipokuwa kidogo, na nadhani hakujua jinsi ya kuanza. Akasema kweli yote. Akasema mtoto wake amelala pale, hana alama, wanaume hawakuonyeshwa, na kwamba ana bangili ya shaba.

Bwana Saidi alirudisha shanga za tasbihi moja moja. "Tata Bip," akasema, "ungeniambia chuma ningekwambia ingia hata leo. Sasa umenipa neno ambalo siwezi kujifanya sikulisikia." Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza ndugu yake. Vijana wa kuchimba amekwisha kuwaleta. Wao wanaamini shimo lililogusa mtoto hufunga mdomo na watu ndani. Wakimwona Tata Bip anapita na mashine, wakajua anatafuta maiti, hakuna atakayeshuka, na habari hiyo haitaishia pale, hakuna kundi lolote mjini litakalokubali. Naye aliuza lori ili apate lupango lile. Aliponunua hakuambiwa kuna kaburi. Akasema hapana, akatupa pole, akatusindikiza mpaka barabarani huku amemshika Tata mkono. Tata akamshukuru. Alimshukuru mtu aliyemnyima mtoto wake, na nilipomwambia Mama hivyo nyumbani, nikidhani nampa habari njema ya adabu ya Tata, Mama alikaa chini palepale.

Wazazi wangu hawakuwa watu wa kugombana. Siku ile waligombana. Mama alitaka Tata aende na mashine moja kwa moja. Wapangaji walikuwa bado wako ndani, walimjua Mama, wangefungua geti. Tata akasema mupangaji hapangi bulongo. Mama akamwambia arudi kwa Bwana Saidi aseme alikosea, kwamba anatafuta reli. Tata akasema hawezi, mtu amekwisha kujua kweli, huwezi kumpelekea uongo mahali palepale.

"Mutu anaomba ruhusa kwa kitu ya mwenzake," Mama akasema. "Mutoto wake, haombi."

"Nikiingia bila ruhusa, mi ni mwizi," Tata akajibu. "Mutoto wangu sitamubeba kama mutu anabeba kitu ya kuiba."

Nimekuwa mama, nimezika na mimi, na bado siku nyingine niko upande wa Tata na siku nyingine niko upande wa Mama. Wote wawili walikuwa wanampenda. Laiti mmoja wao angekuwa mpumbavu, ningepumzika.

Tata hakukaa bure. Alifanya kile alichokijua. Alirudi kwa Bwana Saidi asubuhi baada ya asubuhi, akachuchumaa nje ya geti na kofia mkononi, na dereva aliyetoka alimwambia mwenyewe hayupo, na Tata alijibu sawa, nangoja. Alimwendea shefu wa udongo, yaani chifu wa ardhi ile, na jogoo mweupe. Shefu akapokea jogoo, akasikitika, akasema udongo uliouzwa kwa karatasi haumsikii tena yeye. Mvua zikapungua. Mimi nami nilifanya sehemu yangu. Nililala kifudifudi sakafuni kwetu, nikamwelekeza mdogo wangu kwa sauti: usikae kule, wanakuja, pita kulia, njoo upande wa reli. Mama alinikuta hivyo, akasikiliza kidogo mlangoni, akaondoka bila kunigombeza.

Aliyefungua mlango ni mke wa Bwana Saidi, Mama Zena. Alikuwa anamwona Tata pale nje kila siku akienda sokoni, mpaka akamuuliza shida yake. Tata akamwambia na yeye kweli, vilevile kama alivyomwambia mume. Mama Zena akarudi ndani na kapu lake tupu. Tulikuja kusikia kwamba alimwambia mumewe uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwamba hatapika kitu katika nyumba ile mpaka yule mtu wa nje apewe jibu. Siku ya tatu akaja dereva kwetu: Tata Bip aje asubuhi, na mke wake, Bwana Saidi atakuwepo mwenyewe, vijana watazuiwa mpaka shughuli iishe. Mama alifua kitenge kipya usiku huohuo ili kikauke, kile cha kumfungia mtoto.

Ngoja niwaambie kwanza yaliyokuja baadaye, maana nikimaliza ya asubuhi ile sitakuwa na nguvu ya kusema mengine. Tata hakubisha tena kwenye lupango la mtu. Mashine aliiuza, akaenda kuchoma makala na watu wa Mutshatsha, akawa anarudi na mikono myeusi na maneno machache. Hawakuachana. Mama alimpikia, alimuuguza alipougua kifua, alimlilia alipokufa, tena alimlilia sana. Lakini jina lake hakulitaja tena kwa kumwita, alisema tu "wewe," na yeye aliitika. Tulikaa hivyo mpaka nikaolewa. Watoto wanafikiri nyumba zote ni hivyo.

Asubuhi ile tulikwenda wote watatu, Mama mbele, nami sikuwahi kumwona akitembea mbele ya Tata barabarani. Bwana Saidi alikuwa amefika, amesimama getini, na tulipomwona uso tulijua. Wachimbaji hawakungoja ruhusa ya mtu. Mkubwa wa kundi alisikia tetesi kwamba kazi itasimamishwa, akaona afadhali aanze, na jiwe zuri lilikuwa nyuma. Siku mbili walikuwa wamechimba. Mipapai ilikuwa imelala. Jiko la zamani lilikuwa limebomolewa, na mahali pote kutoka ukutani mpaka kwenye nyumba palikuwa ni kilima cha udongo mwekundu wenye mabaka ya kijani, na katikati shimo, mdomo wake umezungushiwa mifuko. Bwana Saidi alisema hakujua. Namwamini.

Tata akawasha mashine. Ikalia. Akapiga hatua, ikalia tena, akageuka, ikalia, haikunyamaza hata kidogo, kwa sababu udongo wenyewe ulikuwa madini, na ndani yake misumari ya jiko lililovunjwa, na nyaya, na vifuniko vya chupa. Tata alipiga magoti akachimba kwa mikono. Msumari. Akasogea. Kijiko. Akasogea, msumari tena, kipande cha bati. Alikuwa anapumua kwa mdomo kama mtu anayekimbia. Niliziba masikio. Kwa mara ya kwanza nilishindwa kuelewa mashine inasema nini, kama mdogo wangu yuko kila mahali au hayuko popote.

"Acha," Mama akasema. Tata hakusikia. Mama akaenda, akazima mashine yeye mwenyewe kwa kidole.

Katika kimya hicho nikasikia mtu anapanda kutoka shimoni. Nilisikia vidole vyake vya miguu vikitafuta vishikio kwenye ukuta wa udongo. Kikatokea kichwa, chekundu kote, kope nyekundu, tochi kwenye paji la uso, kisha mabega membamba, kisha kijana mzima akakaa kwenye mdomo wa shimo, amefinya macho kwa jua. Nilijua ni yeye. Hakuna kitu nimewahi kukijua kwa nguvu namna ile. Alikuwa amekua huko chini, ndiyo maana alichelewa. Nilimvuta Mama kitenge, nikasema, "Mama, huyu hapa. Ametoka."

Hakuna aliyecheka. Kijana yule alinitazama, akamtazama Mama, akavua tochi. Mama alimsogelea, akapiga magoti mbele yake, akamfuta uso kwa kile kitenge kipya, macho kwanza, kisha mashavu, polepole, mpaka akatokea mtu mwingine kabisa, mwenye kovu kwenye nyusi. Akamuuliza mama yake yuko wapi. Kijana akasema yuko Mwene-Ditu. Mama akauliza kama anajua mtoto wake anashuka chini. Akasema hajui. Ndipo Mama akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama waliona kitu kidogo cha shaba, cha mviringo. Kijana alifikiri kwa dhati, nilimwona akifikiri.

"Mama," akasema, "hapa tunaona shaba siku yote. Hatuangalie tena."

Pale ndipo nilipoelewa. Si yote, lakini ya kutosha. Nilielewa kwamba chini hakukuwa na mji, na kwamba watu wazima walilijua hilo tangu mwanzo. Nililia mpaka Bwana Saidi akanibeba, mtu mkubwa yule na kanzu yake safi, akaniweka begani na machozi yangu na makamasi yangu, na sikumzoea lakini nilimshika shingo.

Kutoka juu ya bega lake nilimwona Mama akitandaza kitenge kwenye kilima. Akachota udongo kwa viganja, kutoka mahali popote, bila kuchagua, akaumwaga katikati ya kitenge, mpaka ukawa na ukubwa wa mtoto mchanga. Tata alikuwa bado amepiga magoti, misumari mkononi. Bwana Saidi akasema, "Chukua, mama. Chukua wote unaotaka, nimekuruhusu."

Mama alikaza fundo kwa meno, akanyanyua furushi kifuani, akasimama.

"Mi sikuomba," akasema, na aliposema hivyo hakuwa akimwangalia Bwana Saidi. Alikuwa akimwangalia Tata.